Noela Hakulia kwenye Wembe

Shikamoo dada mshauri. Sasa hivi tu mwanangu Noela kashika jiko la mkaa kwa kiganja, ngozi imebaki pale, kaniangalia akacheka, wala hakulia, ana miaka mitatu, nimemmwagia maji ndiyo nikaona nikuandikie. Ana baka jeupe kwenye mkono huohuo, lilianza kama punje ya hindi sasa limefika kwenye kiwiko. Mama mkwe ndiye analala naye na kumlea nikiwa mwaloni naosha mchanga wa dhahabu hapa Rwamgasa, alisema ni alama ya babu wa ukoo anataka jina lake lirudi, mtoto akavishwa shanga, mganga akamchanja chale palepale kwenye baka, hakulia, watu wakafurahi wakasema babu kampokea, baba yake Marselino akamwita kamanda. Na mimi nilifurahi, nisikudanganye. Nesi wa kliniki alimgusa kwa pamba akasema nimpeleke hospitali, akataja ukoma kwa sauti ya chini. Marselino akasema, "Ukitaja hilo neno hapa tutafukuzwa hata kisimani. Ngoja tuvune, tufanye tambiko." Lakini mtoto anakula vizuri, anaimba, labda litafutika lenyewe. Nisubiri au nimvunjie mume wangu neno? Mama mkwe ni mtu mwema, ananiita hapa nikamfunge kidole, kaepua sufuria bila kitambaa tena, kaungua na wala ha

JIBU

Marahaba, Mama Noela. Uliitwa ukaacha katikati, lakini hapo ulipoachia ndipo penye jibu.

Mwanao si kamanda. Hakulia kwenye wembe wala kwenye mkaa kwa sababu mkono ule hausikii. Ulifurahi kwa kutojua, sikulaumu. Ila nesi alikwambia, nawe ukaenda kuomba ruhusa, hilo nakulaumu. Ugonjwa hausubiri mvune.

Kama ni ukoma, dawa ipo, ni bure, na unapona. Mwambie Marselino kwamba mgonjwa akishaanza dawa haambukizi mtu.

Leo funga kiganja kwa kitambaa safi, usipake dawa ya meno. Kesho asubuhi hospitali ya wilaya, uliza wanapotibu kifua kikuu na ukoma. Shanga muache nazo, hazina ugomvi na vidonge. Na mama mkwe usimwache nyumbani: anayeungua bila kusikia huenda ndiye aliyeanza kuugua, na mwenyewe hajui. Usimlaumu. Mwambie unataka mtu wa kukusaidia kumbeba mtoto, mkifika naye apimwe, kisha wewe na baba mtoto.

Kwa vidole vya mama mkwe huenda tumechelewa. Vya Noela vihesabu kabla hamjatoka. Viko kumi. Nataka vibaki kumi.