Hewa ya Shimo la Mbali

Isingiro, Jumanne, Agosti 1986

Nimempiga shemeji Deo, mume wa dada yangu, kwa mpini wa sururu, meno mawili yakatoka.

Jana tuliwasha moto katika shimo la juu ili mwamba upasuke, tuchimbe madini ya bati. Leo nikashusha koroboi kupima hewa. Katika shimo la karibu na huo moto iliwaka vizuri; katika la mbali, la Deo, ikazimika. Hewa mbaya ya moto ilikwepa mwamba mgumu wa shimo la karibu, ikafuata nyufa hadi kwake.

Deo akacheka. “La karibu ni salama, langu litauaje?” Akatia mguu kwenye ngazi. Nikamvuta shati, akaning'ata. Ndipo nikampiga.

Dada yangu ananiita muuaji, eti nilitaka kumuua mumewe. Deo naye ameapa kesho atanivunja mkono.

Na auvunje. Maiti haimvunji mtu mkono.