Mbu Wana Chumba, Mwana Hana

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya tarehe 14 mwezi ujao, maana ndiyo siku ambayo binti yetu anatarajiwa kujifungua, na mpaka leo kwetu hana pa kulala. Mimi ni mstaafu, nilifanya kazi miaka kumi na moja katika mradi wa utafiti wa malaria, nikitega mbu vyumbani mwa watu na kila asubuhi kuwahesabu mmoja mmoja na kuwaandika daftarini, majina ya wenye nyumba tukiyaficha kwa namba, na mradi ulipofungwa daktari aliyetuongoza akaondoka na orodha ya namba, akaniachia madaftari akisema, "Yatunze, huenda yakahitajika," basi nikayatunza, maboksi ishirini na sita, miaka kumi na sita sasa, yamejaza chumba cha pili hadi dirishani. Jumanne mke wangu alisimama mlangoni akasema kwa sauti, "Baba, mbu wako wana chumba, mwanao hana!" na jirani nikamsikia akicheka. Nikampigia daktari ili anitetee, naye akashangaa, "Bado unayo, mzee wangu? Mbona yote tuliyaingiza kwenye kompyuta, na ripoti ilishatoka!" lakini Mshauri, kompyuta huharibika, na hakusema wazi kwamba niyatupe. Mimi si mkaidi, nimepima nikaona godoro dogo linaenea kati ya boksi la 9 na la 17, mradi binti alale ubavu. Jana binti alimpigia mama yake: "Mwambie baba asihangaike, nitajifungulia kwa mama mkwe." Sijapata usingizi. Naambatanisha nakala ya shajara yangu, uone mwenyewe kwamba madaftari hayo nimeyafungua mara thelathini na moja, hivyo si kweli kwamba hayana kazi. Nifanyeje nisipoteze utafiti wala binti?

Mtunza Kumbukumbu

JIBU

Mtunza Kumbukumbu, pole. Kuhesabu mbu miaka kumi na moja si mchezo, na naamini hukumruka hata mmoja. Shajara yako nimeisoma yote, ni safi kuliko za ofisi nyingi. Mara ishirini na tisa umeandika "kukagua mchwa". Mara mbili, "kutafuta miwani". Hakuna mara nyingine.

Sasa tuongee kama watu wazima. Una hesabu kamili ya mbu waliokufa zamani, katika nyumba usizoweza tena kuzitaja, na kwa heshima yao unataka mama mjamzito alale ubavu kati ya maboksi. Huoni haya, baba? Najua unachoogopa: karatasi zikitoka, nani atajua kwamba kazi ile uliifanya, tena vizuri? Hofu hiyo naielewa. Ila hailali chumbani mwa mzazi.

Waandikie daktari na wenzake wa utafiti leo, wape siku saba waje wachukue. Wasipokuja, yapeleke kwa wanunuzi wa karatasi chakavu. Baki na daftari moja, ulipendalo, liweke kabatini kwako.

Lakini kabla ya barua, mpigie binti, wewe mwenyewe, si kupitia kwa mama yake. Usitaje mbu, boksi wala daktari. Sema tu, "Mwanangu, chumba kipo, njoo nyumbani." Ukikata simu utakuwa umedanganya, na una wiki tatu za kuufanya uongo huo uwe kweli.