Jinsi Mkuu Anavyouza Kuku

Jumatatu, 9 Juni 2025

Quickly! Quickly! Quickly! Nimesahihisha vitabu arobaini na tatu na kila mtu kwa Gredi ya Tano anakimbia upesi, anakula upesi, anaoga upesi. Nami nilifundisha vizuri kabisa — shika neno la sifa, libandike -ly mwishoni, utapata adverb ya kueleza mtu anafanya jambo vipi. Wakashika moja tu, wakagawana kama mandazi. Mmoja ameandika babu yake hulala quickly. Mwingine, ati babu yake alikufa quickly. Pole zake, lakini nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Si kucheka kwa raha. Jumanne ijayo mkaguzi anakuja kunitazama nikifundisha hizi hizi adverb. Miaka miwili nimetoka kwetu Kitale nikapanga chumba hapa Kamukuywa, mwalimu wa internship, na kazi ya kudumu naiona kwa wenzangu tu. Yote iko kwa fomu moja anayojaza Mwalimu Mkuu. Imeandikwa "I", halafu nafasi, halafu "recommend this teacher". Nafasi ya neno moja!

Mwaka jana Mkuu wetu, Bwana Mukhisa, alijaza reluctantly. Ananipendekeza shingo upande. Na kinachoniuma zaidi, aliniuliza staffroom hilo neno linaandikwaje, nami kwa upole wangu nikamwandikia kwa karatasi.

Jumanne, 10 Juni

Nimepiga quickly marufuku. Nimewaambia watoto waende nyumbani, waende dukani, kanisani, popote, watazame mtu wa kweli akifanya kazi ya kweli, kisha waandike anavyoifanya. Kweli tupu, nimesema, sitaki za kubuni. Nimejisikia mwalimu hodari sana. Mbona sikunyamaza!

Jumatano, 11 Juni

Weh! Kumbe hawa watoto wana macho. Vitabu vya leo nimevisoma nimekaa wima kwa kitanda. Kuna mwenye shangazi kule Malakisi ambaye hucheka loudly, kwa sauti kubwa, mama yake mtoto akiwa hayuko. Kuna ambaye baba yake hurudi kutoka kilabuni sideways — ubavu ubavu. Alama zote, na baba nimeshamwona mwenyewe.

Halafu Ivy. Mdogo, mkimya, hukaa dawati la mbele, mama yake huuza vitunguu sokoni. Ameandika: "Our headteacher sells chickens cheerfully." Ati Mwalimu Mkuu anauza kuku kwa uchangamfu!

Na ni kweli. Siku za soko Bwana Mukhisa huandika kwa kitabu cha mahudhurio kwamba yuko kikao Bungoma. Mwaka jana nilitumwa kutoa photocopy, nikamwona sokoni kwa macho haya, kofia imevutwa hadi nyusi, jogoo mkononi, anacheka na wateja mpaka magego. Hapa shuleni hata ukimpa habari njema ananuna. Siku ile nikamuuliza tu, bila ubaya, kikao kilikuwaje. Nadhani ndipo ile reluctantly ilipozaliwa.

Nimempa Ivy kumi kwa kumi. Sentensi nzuri, nifanyeje?

Ijumaa, 13 Juni

Mkuu ametusomea barua staffroom. Mkaguzi ni Madam Peris, atakaa nyuma ya darasa, atachagua daftari lolote alitakalo, na Mkuu mwenyewe atakaa kando yake. Chai ikanipalia.

Nimekimbia darasani kuangalia. Sikuweka kumi peke yake, Ngai wangu. Chini yake nimeandika kwa wino mwekundu, "Excellent! Very true!" Nikatia sahihi. Nikatia na tarehe. Nani alinituma?

Jumamosi, 14 Juni. Kitale

Nimekuja nyumbani kupumua, sikupumua. Mama hajaniuliza nimekula. Ameuliza nimeandikwa kazi. Amewaambia wanawake wote wa kanisa kwamba Mary Ann Ciru, binti yake, anakuwa permanent mwezi huu, na ameshamchagua ng'ombe atakayeuzwa nipate pesa za kuhamia. Mama hajui Kiingereza lakini ana adverb yake moja, actually, yaani kwa kweli, na akiianza ujue uongo unafuata. Nimemweleza yote tukimenya viazi.

Akafikiri. Akasema actually si kosa kubwa, nimwambie mtoto afute aandike kingine, na daftari nilitie chini kabisa ya rundo. Nikamkumbusha yeye ndiye aliyenilea na "njia ya mwongo ni fupi". Akasema fupi ndiyo nzuri, nitafika mapema.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwita Ivy wakati wa mapumziko. Nimempa rubber ya kufutia. Nikamwambia, kwa sauti tamu ambayo hata mimi ilinichefua, abadilishe, aandike Mkuu anafanya kazi carefully, kwa uangalifu. Akaangalia daftari, akaangalia rubber, akaniangalia mimi.

"Lakini madam, ulisema kweli tupu. Na huyu akiwa kwa soko ndiye mzuri. Alinipatia mayai mawili bure."

Hakuwa anamsengenya! Alikuwa anamsifu. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Nimechukua rubber yangu nikamwambia aende acheze. Daftari nimeliweka chini kabisa ya rundo. Hilo la Mama nimelifuata, Mungu atanisamehe.

Jumanne, 17 Juni

Nifuate mstari, nianzie mwanzo.

Somo lilienda kama maji. Watoto wakaigiza kutembea proudly kwa maringo, kufagia lazily kwa uvivu, kubeba mtungi carefully. Yule wa sideways akapigiwa makofi. Madam Peris anaandika, anaitikia kwa kichwa. Mkuu kando yake, tai nyekundu, uso wa mazishi.

Kisha madam akainuka, akaenda kwa rundo la madaftari, akavuta la chini kabisa. La chini kabisa! Ati hata yeye alikuwa mwalimu, anajua tunapoficha. Akamwita Ivy asome. Ivy akasimama, akakohoa, akasoma kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa tangu Januari. Nje kulikuwa na kuku — kuku wa kweli, wa mpishi wa shule — nikamsikia akipiga kelele.

Madam Peris akasoma wino wangu mwekundu. Akageukia Mkuu, akauliza kwa adabu sana kama anafuga. Mkuu akasema ni mawazo ya mtoto, Gredi ya Tano wanapenda kubuni. Ivy akaketi. Hakulia, lakini alianza kukuna dawati kwa kucha, na hakuinua kichwa tena mpaka kengele. Nami nilisimama pale na chaki yangu. Siku nzima najiuliza kwa nini sikumtetea, na najua kwa nini.

Madam ameacha fomu kwa Mkuu aijaze. Atatuma mtu kuichukua kesho saa nane, pamoja na maelezo yangu ya maandishi kuhusu ile sentensi.

Jumatano, 18 Juni

Mkuu ameniita asubuhi. Amenipa kiti, kitu ambacho hajawahi. Fomu iko mezani, na kwenye ile nafasi kumeandikwa strongly. Kwa nguvu zote ananipendekeza! Nikataka kurukaruka. Kisha nikainama kidogo nikaona — ameandika kwa penseli.

"Madam Ciru, mimi si mtu mbaya. Lakini hiyo maneno ya mtoto, wewe ndiye mwalimu wake. Andika tu ni uongo, kisha mimi naweka wino."

Akanisogezea karatasi nyeupe. Akasema nilete saa nane, nisiharakishe, nimfikirie na mama yangu. Halafu akaongeza polepole, na hapo nikamwonea huruma kidogo, kwamba ana watoto watatu chuo, na kuku hawamnuniagi.

Sasa ni saa saba na nusu. Niko darasani peke yangu. Mama amepiga simu mara mbili, sijashika. Nikiandika ni uongo, napata kazi, ng'ombe anauzwa, kanisa linaimba. Na Ivy anabaki mwongo kwa karatasi ya serikali, mwenye umri wa miaka kumi, kwa kosa la kunisikiliza. Nisipoandika, kuna rubber kwa meza ya Mkuu na mwaka wa tatu unaniangalia. Nina hasira naye, nina hasira na Mama, na mimi mwenyewe ndiye nimejikasirikia zaidi.

Nimeanza mara tatu, nimerarua mara tatu. Hii ndiyo ya nne: "Mimi, Mary Ann Ciru, mwalimu wa Kiingereza, nathibitisha kwamba mwanafunzi Ivy ni mtoto" —

Mpaka hapo hakuna uongo. Kengele imelia. Pikipiki ya kuchukua fomu imeingia getini, na Mkuu amesimama mlangoni mwa ofisi, ananipungia mkono. Naenda na kalamu, nitamalizia mbele yake. Miguu inaenda, neno la kufuata "mtoto", mkweli au mwongo, bado sijaliandika.