Shemeji, Usitume Vidonge Tena

S.L.P. 14,
Rujewa,
Mbeya.
9 Julai 1977

Mpendwa shemeji Maganga,

Mwangaluka, shemeji. Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Usangu. Hamjambo huko Korogwe? Mama Didas mgongo umepoa? Na wewe mwenyewe, kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekwisha, au dresa anayetibu shamba zima hajui kujitibu? Sisi huku hatujambo. Kaka yako Shija ni mzima. Hilo nimelitanguliza ili usisome mengine huku moyo ukikudunda.

Mpunga tumeshavuna, si haba. Baridi ya mwezi huu imeshuka mpaka bondeni, na baba analala na blanketi mbili huku akiwalaumu watu wa Njombe kwamba ndio wanaotuletea. Binti yetu Roza ameng'oka jino la mbele, basi siku hizi anacheka kwa kuziba mdomo.

Kifurushi chako cha mwezi wa sita kilifika salama, vidonge arobaini vya rangi mbili, vimefungwa ndani ya soksi kama kawaida yako. Ahsante sana. Katika ukoo huu sijaona mtu anayemkumbuka ndugu yake kama wewe. Lakini nina ombi, na ni zito, ndiyo maana nimezunguka kwanza kwenye mpunga na jino la mtoto. Nakuomba usitume vidonge tena.

Usininunie kabla hujasoma mpaka mwisho. Tulikaribia kumpoteza Shija mwezi wa tano, na sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua ningekuandikia habari ya uzima au ya msiba.

Unakumbuka ulivyotuagiza tangu alipovunjika uti wa mgongo na kuanza kukojoa kwa mpira: mkojo ukichafuka, apewe vidonge viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tano. Mwanzoni tulifanya hivyo hivyo. Kisha baba akatoa hoja yake. Akasema ng'ombe hupelekwa joshoni kila Jumatano, awe na kupe au asiwe nao. Kupe hangojwi mpaka ang'ate. Basi kwa nini mwanawe angojwe mpaka mkojo uchafuke? Tangu hapo kila Jumatano ng'ombe walikwenda joshoni, na Shija akameza vidonge viwili. Maji ya kumezea nilikuwa naleta mimi.

Mengine nilikuficha, na leo nayasema. Baba akiumwa jino, alichukua kimoja. Jirani akiwa na jipu, tulifungua kidonge tukamnyunyizia ule unga. Vikipungua, Shija alipewa kimoja badala ya viwili, ili vifike mpaka kifurushi kijacho. Wewe hukuyajua hayo. Tuliyafanya sisi, tukiona tuna akili kweli kweli.

Mwezi wa tano homa ikampanda. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia, na ile miguu isiyomsikia ikawa inajikaza na kujirusha yenyewe. Tukampa vidonge viwili, kisha vitatu, kisha vinne. Homa haikujali. Siku ya nne hakunijua. Aliniita kwa jina la marehemu mama yenu. Nikapiga kelele, shemeji, sikuona aibu. Yotamu, mwenye lori la mpunga, alishusha magunia yake yote njiani akatupakia sisi, na nilimshika Shija kichwa toka hapa mpaka hospitali ya misheni huko juu, upande wa Iringa.

Kule waliuchukua mkojo wake wakauotesha, kama sisi tunavyootesha mbegu kitaluni, kisha wakajaribu dawa moja moja waone ipi inawaua wale wadudu. Rangi mbili zako hazikuua hata mmoja. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ilibaki dawa moja tu, ya sindano. Alichomwa siku kumi. Siku ya tatu jioni alifumbua macho akaniuliza kama nimekula, nami nikalia kuliko nilivyolia alipokuwa hoi.

Aliyetueleza mambo ni muuguzi mmoja Mbena, anaitwa Tekla, mpole wa sauti lakini jicho lake halikosi kitu. Alitusalimia "Kamwene," akavuta kigoda, akauliza nani alikuwa anampa mgonjwa dawa, na lini. Baba akajibu kwa majivuno, "Mimi. Kila Jumatano, siku ya josho, hatujaruka hata moja."

Tekla hakucheka. Alimwuliza, "Baba, josho likizidishwa maji, dawa ikawa nyepesi, kupe wanakufa?"

"Hawafi. Wanazoea. Mwaka juzi nimezika ndama tisa kwa mchezo huo."

Akiwa bado anasema, akaelewa. Alivua kofia akaishika magotini, kisha akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya wodi amesimama anatazama ukuta, machozi yanamtiririka. Hata siku tulipomzika mama sikumwona hivyo. Nilisimama naye tu, nikamshika mkono.

Sasa sikiliza alichotufundisha Tekla, maana wewe ni mtu wa dawa utaelewa kunizidi. Mtu mwenye mpira hakosi wadudu kwenye mkojo. Wanakaa mle, na mara nyingi hawamdhuru. Mkojo kuwa na ukungu au kunuka, hiyo peke yake si ugonjwa, na ukiwapiga wadudu dawa kila mara wanaondoka wale wanyonge, wanabaki majambazi. Dawa yake ya kila siku ni maji ya kunywa kwa wingi, mikono iliyooshwa kwa sabuni kabla ya kugusa mpira, mpira usipinde, ubadilishwe siku yake ikifika, na chupa ikae chini kuliko kitanda. Ila akipata homa, au kutetemeka, au miguu ikajikaza kupita kawaida, tusimpe kitu cha nyumbani. Tumpeleke mbio, mkojo uoteshwe kwanza. Akanishika bega akasema, "Mama, hiyo sindano wakiizoea nayo, kabatini sina nyingine." Maneno hayo nalala nayo.

Tukarudi nyumbani. Wiki ya pili mkojo ukachafuka, umekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Na siku hiyo hiyo, shemeji, kifurushi chako kikafika! Baba alikiweka juu ya kigoda, tukabaki watatu tunakitazama. Sikufichi, mkono wangu ulikuwa umeshafungua soksi. Nilikuwa nimemwona mume wangu akinisahau jina, na dawa iko mbele yangu.

Shija akasema, "Nyamizi, niguse paji. Lina moto?"

Nikamgusa. Halikuwa na moto.

"Natetemeka?"

"Hutetemeki."

"Basi nipe maji."

Siku tatu nilimnywesha maji mpaka akaniambia nimemgeuza mfereji wa mpunga. Nilimgusa paji kila nilipopita, mpaka Roza naye akaanza kumgusa. Siku ya nne mkojo ukatakata kidogo. Haukutakata kabisa, na huenda hautatakata. Yeye anakaa mlangoni anasokota kamba za ng'ombe na kugombana na redio. Vidonge vyako sikuvitupa. Nimempa mganga Sedekia wa zahanati yetu, aone mwenyewe cha kufanya navyo.

Sasa niseme la moyoni, na unisamehe kama navuka mpaka. Miaka minne kifurushi kinakuja na wewe huji. Najua wewe ndiye uliyekuwa umewashika ng'ombe siku mkokoteni ulipopinduka na Shija. Nilikuwepo. Ng'ombe walishtuliwa na lori, na hata watu watano wasingewazuia. Hakuna anayekulaumu nyumba hii, si baba, si mimi, wala Shija kabisa. Anachouliza kila basi la Iringa likipita ni kama umeshuka. Tunakupenda, Maganga. Omba likizo, uje mikono mitupu.

Nisalimie sana mama Didas na Didas mwenyewe, na mzee Saulo jirani yenu. Huku baba anakusalimu, Roza anakusalimu, na Yotamu anasema ukija utapanda lori lake bure. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mwema na njia nyeupe ya kuja kwetu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na nisiyechoka kukutania,

Nyamizi

Shija ameninyang'anya kalamu, haya ni yake mwenyewe:

Mdogo wangu, leo mkojo ni mchafu na mimi ni mzima. Njoo uone.