Saa Nne Yangu Imemponza Mkaza Mwanangu

Mshauri wangu wa gazetini, nijibu kabla ya Ijumaa, maana moyo unaniruka kama mpira na sijui ni furaha au hofu! Mimi ndiye mtunza chumba cha mashine katika chuo kimoja, mwaka wa thelathini na moja huu sijakosea hata swichi, shule niliishia darasa la tatu lakini fundi mkuu mwenyewe alinipa nywila kuu ya mashine akasema, "Babu, umeme ukikatika wewe ndiye wa kuiamsha." Sasa Jumatatu umeme ulirudi saa nne asubuhi, nikaiwasha, nikaona imeandika kumi! Nikacheka, nikasema hii imezeeka kuliko mimi, saa kumi si jioni? Nikairudisha kwenye nne, sawasawa na saa yangu ya mkononi, ambayo kukiwa saa nne inasema nne. Papo hapo akaingia mkaza mwanangu, karani wa mitihani, akafanya kazi peke yake kwa kuwa wenzake walikuwa mkutanoni, na mchana nikaona karatasi aliyochapa imeandikwa nne ya usiku wa Kizungu, yaani saa kumi alfajiri, kumbe mashine inahesabu Kizungu na ile kumi yake ndiyo saa nne yetu, nikashtuka, nikarudisha saa kimyakimya.

Kumbe mtihani umevuja! Mkuu wa chuo akachapa orodha ya walioingia kwenye mashine, akakuta jina la mkaza mwanangu, saa kumi alfajiri, milango imefungwa. Ijumaa anaitwa mbele ya kamati, kazi iko hatarini, na mwanangu, mumewe, naye anamuuliza, "Alfajiri ile ulisema unachota maji, kumbe ulikuwa wapi?"

Nikaingia vitani. Nililifungua faili la walioingia nikakuta michoro kama kuku kakanyaga wino, nikampigia fundi simu kama natania tu, akasema hilo halisomwi hivyo, kuna amri ya kuligeuza liwe maandishi na nyingine ya kunyoosha saa zilizopinda, kisha unaligeuza tena lilivyokuwa. Nikatengeneza nakala, nikajaribu, mshauri, imekubali! Jina lake lilihama lenyewe kutoka alfajiri likakaa saa nne asubuhi, nikapiga kelele hadi mfagizi akaja mbio, "Mzee, umepigwa shoti?" Nani wa umri wangu anaweza hayo? Sasa nataka kulinyoosha faili lenyewe bila kusema, binti apone na mimi nisiaibike, maana yeye huniita Baba Asiyekosea. Nifanye leo au kesho?

Asiyekosea

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Hongera, barua yako nimeisoma nimesimama! Sasa keti nikuseme.

Usifanye leo, wala kesho. Mkuu ana orodha yake mkononi. Akichapa nyingine akute alfajiri imegeuka saa nne, atauliza nywila kuu anayo nani. Baba mkwe wake! Hapo utakuwa umemmaliza binti wa watu kabisa.

Tena hebu jiulize, ile amri ilijuaje ni saa zipi zimepinda? Haikubahatisha. Ulipogusa saa, mashine iliandika humohumo kwenye faili mistari miwili, saa ya zamani na saa mpya. Kumi, kisha nne. Ulipoirudisha, ikaandika tena. Mistari hiyo ndiyo shahidi wa mkaza mwanao, na wewe unataka kuichezea kwa ajili ya sifa!

Faili la asili usiliguse. Leo, kabla hujanywa chai, mwambie yeye na mumewe, maana saa yako imeingia hadi chumbani kwao. Halafu mpigie fundi, safari hii bila utani, awe shahidi. Ijumaa ingieni pamoja kwenye kamati, toa nakala, waonyeshe mistari ile, unyooshe saa wakikutazama. Aliyevujisha mtihani watamtafuta wenyewe. Ukimaliza jisifu utakavyo, nakuruhusu, lakini neno la kwanza liwe, "Ni mimi niliyegusa saa."

Jina la Asiyekosea litaishia mlangoni pale. Mwombe mkaza mwanao akupe jingine.