Kichwa Mupya ya Torshi Yangu

Siku ya pili, 9/5/1995
Nimefagia, nimejaza maji mu pipa. Courant ya umeme haiko tena. Kama kawaida. Lakini tangu leo minye siogope giza! Fidèle, mutoto yangu wa kwanza, amekata kichwa ya torshi yangu ya mufuko, ile ilikuwa inawaka sawa mushumaa inataka kufa. Akaweka kichwa ya taa yenye bantu ba mine banavaaka ku kofia. Muntu moja wa mine ya Kakanda njo alimuletea. Akaongeza betri moja, jiwe ya torshi, akafunga yote na mupira ya gurudumu ya kinga. Kichwa kubwa, mwili kadogo. Bacheke tu. Mwangaza inapiga mpaka ku paa ya kanisa. Nani mwengine mu Kikula iko na mutoto wa akili hivi? Hakuna. Nimeionyesha bajirani bote.

Siku ya tatu, 10/5
Nilipeleka binti yangu Odette ku materniti. Mimba ya kwanza, siku zake zimefika. Mama munganga alimupima: mutoto amelala vibaya, asizalie ku nyumba hata kidogo.

Tukaingia kuona chumba ya kuzalia. Madirisha imefungwa na bati, giza hata muchana. Kila mama anakuyaka na mushumaa yake, maji yake, kikwembe yake ya kutandika. Njo desturi sasa. Minye nikawasha torshi.

Afazali nisingewasha. Damu ya bantu bengine ku kitanda, nyeusi sawa lami. Mende mu nguo. Chini ya kitanda, siandike. Nilienda kutapika inje.

Munganga: «Mama, zima hiyo projekta yako! Ulileta mutoto kuzala ao ulikuya kuchunguza?»
«Nilikuya na macho.»

Siku ya ine, 11/5
Kinywa yangu hii. Nilisema ku robinet ya maji, nikasema ku soko. Mama Véro, jirani, akacheka: «Weye na taa yako! Sisi bote tulizalia pale. Na mushumaa hatukuonaka kitu.» Minye pia nilizalia watoto yangu bote pale, lakini wakati ule kulikuwa na harufu ya dawa, na mashuka nyeupe.

Maneno imefika kwa munganga. Ametuma jibu: Odette aende kuzalia kwa mama yake mwenye jua mu mufuko.

Odette analia. Fidèle ananiambia: «Mama, nilikutengenezea taa ya kuona njia, haiko ya kugombanisha bantu.» Nimemukasirikia. Lakini uchungu ikianza, tutaenda wapi?

Siku ya posho, 13/5
Uchungu ilianza asubui. Tukaenda ku materniti ile ile. Fidèle alikaa na dada yake ku korido. Minye sikuomba ruhusa. Ndoo, majivu, sabuni, burosi, maji ya moto. Nikapiga magoti mu chumba ya kuzalia, nikaanza kusugua.

Munganga alisimama ku mulango. Nilingoja matusi. Akachukua torshi yangu, akanimulikia.
«Pale, mama. Na pale, nyuma ya muguu ya kitanda.»
Alijua mahali yote. Kupita mende, kupita damu, njo kitu ilinichukiza: alijua.
«Na unaacha hivi?»
«Sabuni tunaionaka mu ndoto, mama. Sugua.»

Mutoto mwanaume alitoka miguu mbele, kamba ku shingo. Munganga anasema na mushumaa hangeiona. Nilipiga kelele korido nzima: taa ya Fidèle hiyo! Ya mutoto yangu! Hata munganga alicheka.

Siku ya yenga, 14/5
Tumerudi ku nyumba. Mujukulu ni muzuri, iko na masikio ya baba yangu.

Wakati wa kutoka, binti moja alikuwa anangoja, amekaa ku banc ya mbao, anashika tumbo, mama yake na kipande ya mushumaa mu mukono. Kitanda ilikuwa imesha kuchafuka, damu ya Odette. Maji yangu ilikuwa imeisha. Yule mama aliangalia torshi. Hakuomba. Nilimupa sabuni yenye ilibakia. Torshi niliiingiza mu mufuko. Nilijisemea: nitaipata wapi ingine?

Odette anaita tukule. Bukari ya unga ya mahindi na samaki ya ziwa Tshangalele, mafuta mingi, vile ninapenda. Nimekaa inje. Sahani yangu bado imejaa, na torshi iko mu mufuko.