Fimbo ya Bei ya Katikati

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na yule wa mwisho ameshapona kikohozi na amerudia kuwasumbua kama kawaida yake. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana. Goti lake bado linamsumbua asubuhi, ila akishakaa kwenye cherehani huwezi kujua kama ana goti. Salamu za Baba nitazifikia, usiwe na haraka. Leo zina mahali pake.

Najua utashangaa kupata barua. Utasema, Kijiko naye simu hana? Ninayo. Ila kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi nikikatizwa humeza maneno. Haya ya leo sitaki kuyameza. Tafuta mahali ukae, na hao wateja wako wa ndoo za plastiki wasubiri kidogo.

Unajua kwamba masikio ya Baba yalianza kufa mwaka uleule ulioondoka. Daktari alisema ni nyundo na bati, miaka zaidi ya thelathini, hakuna la ajabu. Vile vifaa vya kuweka sikioni havikumsaidia kitu. Usichokijua ni jinsi alivyonyamaza. Siku ile karakanani uliposema biashara ya bati imekwisha na wewe unakwenda kuuza plastiki, alikuambia hataki kusikia sauti yako tena maishani. Sote tulisikia. Miezi kumi baadaye hakusikia ya mtu yeyote. Karakana akawaachia mafundi wake, akahamia kwenye kiti cha sebuleni. Tukiwa na neno tunaandika kwa chaki kwenye ubao mdogo, anasoma, anatikisa kichwa, anaurudisha. Siku nyingine anaufuta kabla hajamaliza kusoma. Mama aliniambia jikoni kwamba ameishi miaka arobaini na mwanamume mwenye kelele, na sasa anaishi na kabati.

Kilichomvunja kabisa ni bwawa. Unakumbuka uvuvi wake ulivyokuwa: anachomeka fimbo kwenye tope, anafunga kengele ndogo kwenye ncha, anajifunika kofia usoni na kulala. Kengele ikilia, mimi na wewe tunakanyagana kuikimbilia. Baada ya masikio kwenda alijaribu mara moja, peke yake. Mtu aliyekuwa ng'ambo ya pili alimsimulia Mama kwamba kengele ililia, ikalia, yeye kalala tu, mpaka kambare akavunja fimbo na kuondoka na nusu yake. Baba alirudi na kipande cha mpini, akakitupa nyuma ya tangi la maji, na hakuenda tena.

Mwezi uliopita nikaona basi, liwalo na liwe. Nikaandika ubaoni: Vaa viatu. Akavaa, nadhani kwa kushangaa tu. Nikampeleka kwenye lile duka la vifaa vya uvuvi karibu na kituo cha mafuta. Siku zako lilikuwa la mzee mmoja mkali, sasa analiendesha mama wa makamo, mnene, miwani kaifunga kamba shingoni. Wateja wanamwita Mama Ndoana. Nilimweleza kwamba natafuta fimbo na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa ajili ya samaki wa maji baridi, perege na kambare, na kwamba mvuvi mwenyewe hasikii. Niliuliza kama siku hizi kuna kengele zinazowaka taa.

Hakujibu habari ya kengele. Alimtazama Baba mikono, si uso, kisha akaweka fimbo tatu mezani. Ya kwanza ya bei ya chini, nyekundu, nene, nyuzi za kioo tupu, nikiishika naona kama natakiwa nipige deki. Ya tatu aliitoa kwenye kabati la kioo lenye kufuli, nyepesi ajabu, ina maandishi ya dhahabu. Ya pili ilikuwa katikati kwa kila kitu: nyeusi, nyuzi za kaboni zimechanganywa na za kioo, mpini wa lile gome laini la vizibo vya chupa. Nikaionea huruma, maana ilikuwa haina sura.

Mama Ndoana akasema samaki hasikiwi kwa kengele, kengele ni ya wavivu. Samaki anasikiwa mkononi. Akamfungia Baba mikono yote miwili kwenye mpini wa ile nyekundu, akamwonyesha kwa ishara afumbe macho. Halafu akaniambia mimi nishike ncha, niigusishe kooni, hapa kwenye kifundo, niseme lolote. Kaka, duka lina watu! Nikaona haya. Nikasema moja, mbili, tatu, kama wale wanaojaribu vipaza sauti. Baba akatikisa kichwa. Hakuna kitu.

Tukachukua ile ya katikati. Nikaweka ncha kooni, nikasema tena moja, mbili, tatu.

Baba alifumbua macho. Alinitazama mimi, akautazama mpini, akanitazama tena. Kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa asiyoweza tena kuipima, kwamba ninaongea. Duka zima likageuka. Mimi nikaanza kucheka, fimbo bado iko kooni, na yeye akasema papo hapo, macho kayafumba tena, kwamba sasa ninacheka. Kisha nikalia, nisikufiche. Akasema, "Sasa umeanza kulia, acha ujinga." Akasema nina sauti nyembamba vilevile.

Sijui nikueleze vipi. Si kwamba anapata maneno. Hapati hata moja. Anapata mtikisiko, mapigo, kwenda na kusimama. Lakini miaka mitatu nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa baba yangu, na mlango ukafunguliwa dukani, mbele ya watu wanaonunua chambo.

Tuliijaribu na ile ya kabatini. Ilileta sauti vizuri pia, lakini Baba akasema si zaidi. Mama Ndoana mwenyewe akanikataza kuinunua. Alisema ile ni ya watu wanaovua ili wapigwe picha, ikigonga jiwe mara moja imekwisha, na mikono ya mfua bati itaivunja kabla ya samaki. Sijawahi kuona mfanyabiashara akijinyang'anya faida namna ile.

Ikabaki rili. Akaleta moja ya bei ya katikati pia, akaonyesha breki yake inavyoachia mshipi kidogo kidogo samaki akivuta kwa nguvu. Baba akaizungusha polepole, kidole gumba kikiwa ubavuni. Akairudisha. Akasema ndani kuna jino linakwaruza. Mama Ndoana akaizungusha karibu na sikio lake, akasema mpya hii mzee, haina tatizo. Baba akatulia vilevile na kidole chake. Mwishowe yule mama akachukua bisibisi, akaifungua, akapandisha miwani. Kwenye jino mojawapo palikuwa na kinundu cha chuma kidogo kuliko chembe ya mchanga. Aliita wasaidizi wake waje kukiona. Akatupatia nyingine, Baba akaizungusha, akaridhika, na tangu hapo yule mama alimwita fundi, hakumwita mzee tena.

Kesho yake tulikwenda bwawani. Hakuna kuchomeka kwenye tope wala kofia usoni. Alisimama, mshipi kaupitisha chini ya kidole cha shahada, na akaanza kunitangazia mambo ya chini ya maji. Sasa chubwi la kuzamishia mshipi limegusa kokoto. Sasa ni tope. Sasa kuna mdogo anadonoa, hana nia. Mimi nilikuwa naona maji tu, yametulia, hayana habari. Kisha akaniambia subiri, na alipoinua mkono perege alikuwa pale, upana wa sahani. Tulivua sita. Baba alipiga kelele njia nzima kurudi nyumbani, na Mama alipotusikia kutoka kona ya mtaa alitoka nje na mkasi mkononi.

Sasa nyumba hii imekuwa kichekesho. Fimbo haiwekwi stoo. Anagusisha ncha kwenye kila kitu: cherehani ya Mama, friji, redio, paka akiwa amelala. Anasema paka wetu ana injini nzuri kuliko friji. Shangazi alipopiga simu, akaniambia nibonyeze kipaza sauti, nilaze simu mezani, akaweka ncha juu yake. Alisikiliza kwa mikono kitambo, akasema huyu ni dada yangu, anaongea hapumui. Ndivyo ilivyokuwa.

Kaka, hapa ndipo barua yenyewe inapoanza.

Siku tulipotoka dukani niliandika ubaoni kwamba fimbo umemnunulia wewe. Hukuniagiza, hukuwa hata na habari. Ni mimi na Mama tulioinunua. Nilidhani nafanya jambo jema. Na huo si uongo wangu wa kwanza. Kila nilipokuandikia kwenye simu kwamba Baba anakusalimu, hakuwa amesema kitu. Na kila nilipomwandikia yeye ubaoni kwamba Kaka anakusalimu, nawe ulikuwa hujasema kitu. Miaka mitatu nimekuwa nikiwapelekea salamu nilizozitunga mwenyewe. Nilifikiri mkizizoea mtaanza kutoa za kwenu. Nisamehe. Ubao nimeuchoka.

Jumapili iliyopita tulikuwa bwawani, Baba akasema bila kunigeukia kwamba fimbo hii haikutoka kwako, Kaka. Akasema mwanawe anamjua. Ingekuwa ni wewe ungeingia dukani ukanunua ile ya kabatini yenye maandishi ya dhahabu, bila kuuliza, kama vile viatu ulivyomletea kwa mshahara wako wa kwanza, vikambana mwaka mzima na akavivaa mwaka mzima. Hii ya katikati, alisema, kaichagua mtu aliyesimama akangoja. Halafu akacheka. Akasema viatu bado anavyo.

Kisha akakunja mshipi, nikadhani yamekwisha. Akasema siku ile karakanani alitamka kwamba hataki kusikia sauti yako tena, na akapewa alichokiomba, pamoja na kingine chote. Aliamini hivyo miaka yote, Kaka. Kile kiti na ule ukimya havikuwa hasira kwako. Alikuwa anatumikia adhabu. Alisema angetaka kulifuta neno hilo, ila hajui atalifutaje wakati masikio yenyewe hayapo. Mimi sikuwa na ubao. Nilichukua ncha ya fimbo, nikaiweka kooni, nikalitaja jina lako. Nilirudia mpaka akaniambia basi, ameelewa.

Kwa hiyo sikiliza. Jumapili hii, tukishamaliza chakula cha mchana, simu yangu itakuwa mezani, kipaza sauti kimewashwa, na ncha ya fimbo iko juu yake. Yeye atakuwa upande wa pili na macho kayafumba. Alianza mazoezi jana, ameketi anasubiri simu ambayo haijapigwa. Usihangaike kutafuta maneno mazuri, hayatamfikia. Hesabu moja, mbili, tatu ukitaka. Atakujua. Na ukishindwa kuongea ukalia, atajua hilo pia, na atakuambia uache ujinga.

Msalimie wifi na uwabusu watoto. Mama anasema ule vizuri. Shangazi anasema mengi, yamenishinda kuyaandika.

Na Baba anakusalimu. Nilimwuliza jana kwa ubao kama niiandike salamu yake, akautwaa ubao, akachukua chaki na kuandika yeye mwenyewe: Mwambie namsalimu. Hii sikuitunga.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kijiko